Karani Aliyeazimwa Rianyachi

Jumatatu, 1 Machi 1971. Kisii

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa, kwa nusu saa kamili, kwa ghadhabu ya mtu aliyechelewa kazini. Nimenunua daftari hili kwa sababu nimepewa siku kumi na mbili za kuamua jambo, na mimi siwezi kuamua jambo mpaka niliandike.

Jambo lenyewe ni hili. Bei ya zao la pareto imeshuka, na ushirika wetu hauna tena kazi ya makarani wanne. Meneja wetu, Bwana Ondieki, mwenye umri wa miaka thelathini na diploma moja, aliniita asubuhi akaniambia kwamba wakulima wa chai wa Rianyachi, upande wa Nyamira, wanatafuta karani wa kupima majani msimu huu. Ushirika uko tayari kuniazima kwao. Nitabaki mtumishi wa ushirika. Nyumba yangu ya vyumba viwili nyuma ya ghala itabaki yangu, na msimu ukiisha nitarudi mezani pangu. Ila meneja anaweza kuniita siku yoyote, au kunipeleka kwingine akipenda. Nisipokubali, niandike barua ya kuacha kazi na kurudisha ufunguo.

Habari za Kisii hazikai. Kabla ya alasiri nilikwisha kutembelewa na Abner Mogaka, yule mwenye ofisi Keumbu iliyoandikwa mlangoni Wakala wa Makarani, Madereva na Vibarua. Yeye pia ameombwa karani na hao hao wa Rianyachi. Kwake mtu husaini Ijumaa, anafanya kazi wiki moja, na Ijumaa ya pili anasaini tena au anakwenda zake. Mogaka hukata sehemu yake, na hapo ndipo uhusiano wenu unapoishia.

"Kwangu mimi hakuna mtu anakuita, hakuna mtu anakurudisha," aliniambia. "Ukichoka, Mzee Issack, unakaa nyumbani kwako."

"Nyumbani wapi? Nikija kwako nyumba inachukuliwa."

"Hiyo sasa si kazi ya wakala."

Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Nilitolewa Barawa nikiwa na miaka minne, nikatolewa Lamu, Mombasa na Kisumu, na hapa Kisii nikatolewa mtaa wa zamani nikawekwa nyuma ya ghala. Mara tano, na kila mara kulikuwa na karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine. Sitaki ya sita. Hilo ndilo ninalolitaka maishani, na sioni kama ni kubwa.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati la vitabu. Nimehamisha historia, nikaacha sheria zilowe.

Jumatatu, 8 Machi

Nimechora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nimeandika Kuazimwa, upande wa pili Wakala. Chini ya Kuazimwa nimeandika nyumba, meza, marejeo. Chini ya Wakala nimeandika uhuru. Mke wangu Kaltuma, aliyekuwa akichambua mchele, aliusoma ukurasa ukiwa kichwa chini akasema uhuru ni kitu kizuri sana, ila hajaona uhuru wenye paa.

Ijumaa, 12 Machi

Nimesaini kuazimwa, nakala tatu. Bwana Ondieki alinipongeza kwa busara. Mogaka alinipita barabarani, akatikisa kichwa kama mtu aliyemwona mwenzake akinunua mbuzi kilema.

Jumanne, 16 Machi

Leo wamekuja kunichukua. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa, nisije nikadhani baadaye kwamba nilikiota.

Walikuja wawili. Mwenyekiti wa kamati ya wakulima ni Manasseh Angwenyi, mrefu, mzee wa kanisa la Wasabato, mwenye suti ya kahawia isiyo na kifungo kimoja. Makamu wake ni mjane aitwaye Bathsheba, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa ng'ambo ya bonde. Angwenyi si mjinga. Aliisoma barua ya kuazimwa mara mbili na kumwonyesha meneja kosa la tarehe. Lakini kule kwao kitu chenye uhai kikiazimwa kina kanuni zake, na kanuni hizo wanazijua kutokana na ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake mmoja amfugie. Mfugaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Humpigi, humwazimi mtu mwingine, na akifa unampelekea mwenyewe ngozi, ili ajue hukumla kwa siri.

Basi waliketi mbele ya Bwana Ondieki, mimi nimesimama kando, wakaanza.

"Tuambie ukweli, Bwana Meneja," alisema Angwenyi. "Ako na shida gani? Anatoroka?"

Meneja alisema sitoroki. Bathsheba aliuliza ninakula nini, na kama baridi inanidhuru, kwa kuwa Rianyachi iko juu. Aliuliza umri wangu, akautazama mdomo wangu kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Kisha Angwenyi akauliza swali ambalo bila shaka lilikuwa limejadiliwa kikaoni: nikimfundisha kijana wao kupima na kuandika, kijana huyo atakuwa wa nani? Ondieki, ambaye ni Mkisii kama wao na alipaswa kuelewa, alicheka. Wao hawakucheka. Mwishoni akaandika chini ya barua kwamba kijana atakuwa wa Rianyachi, wakaridhika, wakaniambia nichukue sanduku langu. Sikuruhusiwa kulibeba.

Jumatano, 17 Machi. Rianyachi

Kituo ni banda la mabati lenye mizani ya kuning'inia, meza ndefu ya kuchambulia majani na kiti kimoja, changu. Nimepewa chumba katika boma la Angwenyi.

Jumapili, 28 Machi

Wananitunza kwa namna inayotisha. Mvua ikianza, wanakuja watu wawili na mwavuli mmoja. Ndizi za kupikwa naletewa kwanza mimi, halafu mwenyekiti. Nikijikwaa, mtu anatazama mguu wangu. Jana, Sabato, hawakuniacha hata nichote maji, ingawa niliwaeleza kwamba siku yangu ni Ijumaa na tayari nilikwisha kuipumzikia. Angwenyi alisema ni afadhali mtu wa watu apumzike mara mbili kuliko isemwe kwamba Rianyachi walimfanyisha kazi siku zote saba.

Kaltuma ameandika kuuliza kama ninanenepa. Ninanenepa.

Ijumaa, 9 Aprili

Majani yamefumuka kweli kweli. Kina mama wanafika na vikapu tangu saa mbili, matope hadi magotini. Ninapima, ninasoma ratili kwa sauti, ninaandika. Hakuna anayebisha. Nimekuwa karani miaka thelathini na sita na sijapata kuona wakulima wasiobisha mizani.

Jumatano, 14 Aprili

Leo nimejua kwa nini. Niliandika ratili kumi na nne kwa mama mmoja aliyekuwa na kumi na saba, kwa kuwa maji ya mvua yaliniingia machoni. Niliona anajua. Alishika kikapu chake, akaondoka. Nilimfuata na kusahihisha, na nikamuuliza Bathsheba kwa nini hakusema.

"Wewe ni wa wenyewe," alisema. "Tukikugombeza ukakasirika ukarudi, tutamwambia nini Ondieki?"

Jumanne, 20 Aprili

Kikao cha kamati. Walizungumza kuhusu daraja lililochukuliwa na maji na kama wajenge la miti au la mawe. Nimesoma kitabu kizima kuhusu madaraja. Nilinyoosha mkono. Angwenyi alinishukuru kwa kunyoosha mkono, akaagiza niletewe chai.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua. Daraja la miti limejengwa.

Alhamisi, 29 Aprili

Daraja la miti limekwenda.

Jumatano, 12 Mei

Nimekuwa mgonjwa siku sita na nimekufa kwa siku moja. Leo nina nguvu ya kushika kalamu, na nimewahoji mashahidi wote mmoja mmoja, kwa hiyo haya ni ya kuaminika.

Homa ilinishika Alhamisi iliyopita. Kufikia Jumapili nilikuwa nikizungumza Kibarawa, lugha ambayo hapa hakuna aijuaye, na ambayo mimi mwenyewe nilidhani nimeisahau. Walimleta mganga wa zahanati. Alinipiga sindano akasema tungoje. Kamati ikaketi. Shida yao haikuwa ugonjwa wangu peke yake. Ilikuwa kwamba mali ya watu imeanguka mikononi mwao na mwenyewe hajaambiwa. Ikaamuliwa mwenyekiti aende Kisii Jumatatu alfajiri.

Hapo ndipo Angwenyi alipofanya kosa lake, na nakiri lilikuwa kosa la mtu mwangalifu. Kwa mnyama mgonjwa unapeleka habari tu. Ngozi ni ya aliyekufa. Lakini daraja halikuwepo na barabara ilikuwa mbaya, na Angwenyi alihesabu kwamba nikifa baada ya yeye kuondoka, itambidi aje Rianyachi achukue ushahidi kisha arudi tena Kisii. Akaona asifanye safari mbili. Alichukua koti langu na kofia yangu, akavifunga vizuri, ili awe navyo tayari kama vitahitajika.

Alifika ofisini kwa Bwana Ondieki amelowa. Kwa kuwa mfuko nao ulilowa, alivitoa akavishika mikononi visikunjike. Ondieki aliinua macho akamwona mwenyekiti wa Rianyachi amesimama mlangoni, kimya, amelishika koti langu kwa mikono miwili. Hakuuliza neno. Ni Mkisii, alikwisha kuelewa. Alisimama, akavipokea, akaandika stakabadhi: "Nimepokea koti moja na kofia moja, vya marehemu Issack Shariff."

Nimemuuliza Angwenyi kwa nini hakumsahihisha.

"Nilisoma marehemu," alisema, "nikadhani amepigiwa simu."

Kwa hiyo walisimama wale wawili, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeleta habari, wakapeana pole.

Mengine nimeyapata kwa Kaltuma. Aliletewa koti na meneja mwenyewe. Alilia, mtaa ukalia, msikitini watu wakatangaziwa, na imamu akaenda kununua sanda. Saa tisa alipotoka kwa imamu kurudi nyumbani, alikuta kitanda cha chuma kimesimamishwa uani, na juu yake ameketi shemeji yake Ondieki, kaka wa mkewe, na birika. Alimwambia mke wangu kwamba ameambiwa nyumba ni tupu, lakini hana haraka, anaweza kungoja hadi jioni.

Jana saa tano asubuhi Kaltuma na imamu walifika hapa kwa lori la chai, na kilomita mbili za mwisho kwa miguu. Walinikuta nimekaa kitandani, homa imenitoka usiku, ninakula uji. Imamu aliishika sanda kama mtu aliyeingia na zawadi katika harusi isiyo yake. Kaltuma alinitazama, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu vyake vilivyojaa matope kimoja kimoja.

"Baba Ladan," alisema, kwa jina la mwanetu, "nimelia kutoka msikitini hadi Keumbu, na kutoka Keumbu hadi hapa. Machozi yale atanirudishia nani?"

Kisha akaniambia kuhusu kitanda cha chuma.

Ijumaa, 14 Mei

Barua ya Bwana Ondieki imefika. Anafurahi mno kwamba ni mzima. Kuazimwa kwangu kunaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Meza yangu ipo. Nyumba yangu nitarudishiwa taratibu zikikamilika, ila kwa sasa kitanda kimeingia na mkazi mpya ana mke mjamzito. Barua ina ukurasa mmoja na nusu na maneno mazuri mengi.

Mogaka naye amekuja mwenyewe, suruali ameikunja hadi magotini, karatasi yake ndani ya kofia isilowe.

"Mimi naajiri hata wafu," alisema, "mradi wasaini."

Kamati iliketi bandani saa nane, mvua ikipiga mabati hata watu wakawa wanasema kwa zamu za mvua. Angwenyi alieleza sheria. Mwenyewe akipokea ngozi, ufugaji umekwisha, hawezi tena kudai mnyama. Mzee mmoja akauliza, na mnyama akiwa hai? Hilo halikupata kutokea. Walijadili saa nzima. Wengine walisema mimi sasa ni wa Rianyachi, wengine walisema ni lazima nirudishwe nikaguliwe upya. Mogaka alisema hayo yote hayahitajiki, kuna karatasi. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango.

Bathsheba ndiye aliyewanyamazisha.

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

Waligeuka wote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi mtu kuniuliza kitu kisichohusu afya yangu, na kwa kweli sikumbuki mara nyingine kabla ya hapo. Barawa hawakuniuliza. Kisumu walibandika orodha mlangoni.

Nilisema hivi. Barua ya Bwana Ondieki inaniahidi maisha yangu yote yaliyobaki. Karatasi ya Mogaka inaniahidi mpaka Ijumaa. Miezi miwili iliyopita nilichagua ile ya kwanza kwa kuwa ilikuwa ndefu. Leo naona ninaweza kuiamini ile fupi.

Kaltuma, ambaye hakuwa mjumbe lakini alikuwa amekaa mbele kabisa, aliuliza kwa sauti tutalala wapi kuanzia leo mpaka hiyo Ijumaa. Bathsheba akasema ana nyumba ya marehemu mama mkwe wake, ina paa upande mmoja. Kaltuma akasema ametoka kwenye nyumba iliyokuwa na paa pande zote na ameona ilivyomfaa.

Nimesaini.

Jumatatu, 17 Mei

Mvua ilinikuta njiani. Hakuna aliyeleta mwavuli.

Jumatano, 19 Mei

Bathsheba ameniita mwizi. Alisema hivyo mbele ya foleni nzima, kwamba kikapu chake kina ratili ishirini na mbili na mimi nimesoma ishirini. Alisema watu wa Kisii mjini wote ni hivyo, na kwamba amenipa nyumba na mimi ninamla. Nilipima tena. Ishirini. Akasema basi mizani ndiyo mwizi. Mama watatu waliokuwa nyuma yake nao wakadai kupimiwa upya. Nilichelewa kufunga kwa saa mbili. Kaltuma ameniuliza kwa nini nimerudi nikiimba.

Ijumaa, 21 Mei

Nimesaini.

Alhamisi, 27 Mei

Vitabu vyangu vimefika kwa lori la chai, katika magunia ya majani. Vitanukia chai hadi kiyama. Kaltuma na Bathsheba wamegombana kuhusu mahali pa kuweka meko, wamepatana, wamegombana tena. Kila mmoja husema lugha yake na hakuna neno linalopotea.

Ijumaa, 28 Mei

Nimesaini.

Jumanne, 1 Juni

Kikao kuhusu daraja. Kile kiti changu wamekifanya cha kuwekea vikapu, kwa hiyo nilibanana kwenye benchi kati ya watu wawili waliolowa. Nilisema daraja lijengwe la mawe, na msingi upande wa juu uwe mpana zaidi. Angwenyi aliniambia sijui mto huu, nisome vitabu vyangu. Tulibishana mpaka jua likaanza kuteremka. Litajengwa la mawe, msingi upande wa chini. Litakwenda na maji, na nitakuwepo kuliona.

Nimeandika nitakuwepo. Karatasi yangu inasema hadi Ijumaa. Naacha sentensi hiyo kama ilivyo, ingawa si sahihi.

Ijumaa, 4 Juni

Nimesaini.

Ijumaa, 11 Juni

Nimesaini. Mogaka anasema mimi ndiye mtu wake wa pekee asiyelalamika kuhusu fungu lake. Nilimwambia ndiye bwana wangu wa pekee aliyewahi kuandika siku ya mwisho kwenye karatasi yenyewe.

Ijumaa, 18 Juni

Nimesaini. Baridi. Mvua inapungua, na majani pia.

Ijumaa, 25 Juni

Nimesaini, lakini Mogaka aliikunja karatasi polepole. Alisema wiki ijayo hataleta nyingine. Msimu umekwisha, majani ni ya mkono mmoja, kamati haihitaji karani wa wakala mpaka mvua za vuli. Ana nafasi ya kuhesabu magunia Masimba nikitaka, wiki mbili. Nilisema nitafikiri.

Nilimwambia Kaltuma. Alikuwa amepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba na alikwenda kuitazama.

Jumatano, 30 Juni

Hakuna aliyetuambia tuondoke. Hakuna aliyetuambia tukae. Nimepanga vitabu katika magunia, nikavipangua, kwa kuwa Kaltuma alisema hata kitabu kina haki ya kujua kinakwenda wapi.

Ijumaa, 2 Julai

Nimeamka bila karatasi ya mtu yeyote. Si ya meneja, si ya wakala. Nilikunywa chai polepole, nikakaa mlangoni, na ukungu ulipoinuka nikawaona wanashuka na vikapu, wachache, kumi hivi, wakielekea bandani. Nilisema moyoni si kazi yangu. Kisha nikaona wanasimama pale chini ya mizani na hakuna anayepima.

Nilitafuta viatu vyangu. Nilishuka.

Angwenyi alikuwa mlangoni mwa banda, mikono nyuma, na suti yake imepata kifungo. Nilikuwa nimetayarisha maelezo njiani: kwamba najua sijaajiriwa, kwamba nitapima leo tu, kwamba nikitakiwa niondoke nitaondoka. Nilifungua mdomo. Alitazama jua, akanitazama mimi.

"Umechelewa," alisema.